Honi ya Gari Inyamazapo: Jinsi ya Kulitafuta Kosa la Umeme

Watu wengi wenye magari hapa Soga, na katika vijiji vingine vya Kibaha na Kisarawe, honi ya gari inyamazapo husema, "Honi imekufa," kisha huenda dukani kununua nyingine. Lakini mara nyingi honi yenyewe ni nzima. Kosa ni kwamba umeme haukuifikia, au uliifikia ukakosa njia ya kurudi ulikotoka. Basi mtu anunuaye honi mpya bila kulitafuta kosa hilo ni sawa na mtu anunuaye ndoo mpya kwa sababu kisima kimekauka. Nataka kueleza katika ukurasa huu jinsi kosa linavyotafutwa, ili mwenye gari, au mwalimu, au mzee wa kijiji ambaye gari la shule au la zahanati liko chini ya uangalizi wake, aweze kumwuliza fundi maswali yenye maana, au hata kulitafuta mwenyewe.

Huenda mtu akasema kwamba honi ni kitu kidogo, na gari laenda bila honi. Ni kweli, laenda. Lakini na tutazame njia zetu. Sisi watu wa Soga tumekaa kando ya reli tangu zamani. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Na tangu tarehe 14 Juni mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikichukua abiria katika reli mpya, nayo ina stesheni yake hapa Soga. Reli hiyo mpya imewekewa uzio, maana treni yake yaja kwa kasi na kwa kimya. Njia za vijiji hazina uzio. Zapita katikati ya mikorosho na vichaka, zina kona ambazo dereva hamwoni ajaye, na asubuhi watoto wa shule huzijaza pande zote mbili. Mahali kama hapo hakuna kitu kimwonyacho mtu aliye nyuma ya kichaka ila sauti.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, masika yalipokuwa yamekolea, jirani yangu mwenye kirikuu cha kuchukulia mananasi alifika katika kona moja ya namna hiyo. Mzee mmoja alitokea katika kijia akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, mgongo wake ukilielekea gari. Dereva alibonyeza honi, isilie. Alibonyeza tena, kimya. Akakata usukani, gari likaingia mtaroni, na mananasi yakamwagika matopeni. Mzee hakuguswa, wala hakujua kwamba kuna gari mpaka aliposikia kishindo. Tulimshukuru Mungu sote. Lakini jambo lililonifanya niandike habari hii ni kwamba honi ile ilikuwa mpya. Ilifungwa majuma mawili tu kabla ya siku hiyo. Nitairudia habari ya kirikuu hicho baadaye, maana kwanza yatupasa kujua honi ni kitu gani.

Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona kwamba umeme upitapo katika waya, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Hapo ndipo watu walipojua kwamba umeme waweza kuzaa nguvu ya sumaku. Waya ukizungushwa mara nyingi juu ya kipande cha chuma, chuma hicho huwa sumaku maadamu umeme wapita, na umeme ukikatika, usumaku wake hutoka. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa msumari, waya mwembamba wenye ngozi na betri moja ya tochi. Msumari utaokota pini, na waya ukiachiliwa pini zitaanguka. Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake amekwisha kuielewa honi nusu yake.

Nusu ya pili ni kiwambo. Ndani ya honi mna sahani nyembamba ya chuma, iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Sumaku ya umeme huivuta sahani hiyo. Nayo ikivutwa huisukuma platini, yaani vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana, ikavitenga. Umeme hukatika, sumaku hulegea, kiwambo hurudi mahali pake, platini hugusana tena, umeme hupita, na kiwambo huvutwa mara ya pili. Mambo hayo hutukia mara mia nne hivi katika sekunde moja, na mtetemo huo ndio sauti tuisikiayo. Zamani magari yalikuwa na mpira wa kubana kwa mkono. Kisha mwaka 1908 kampuni ya Newark, Marekani, ilianza kuuza honi ya umeme iliyoitwa Klaxon, iliyobuniwa na Miller Reese Hutchison, ambayo ndani yake mota ndogo ilizungusha gurudumu la meno likikwaruza kiwambo. Ilikuwa na sauti ya kutisha, nayo ilikula umeme mwingi. Honi za leo hazina mota, ila kiwambo ni kile kile.

Sasa na tuifuate njia ya umeme. Watoka katika betri, upande wa chanya, wapita katika fyuzi, wafika kwenye rilei, na kutoka rilei waenda kwenye honi iliyo mbele ya gari, nyuma ya grili. Kutoka honi warudi katika betri, upande wa hasi, si kwa waya mrefu bali kwa chuma cha bodi ya gari lenyewe. Njia hii ya kurudia mafundi huiita ethi, na watu wengi huisahau kwa sababu haionekani.

Rilei tuifananishe na bawabu. Honi moja hula umeme wa ampea nne au tano, na magari mengi yana honi mbili, moja ya sauti nene na moja ya sauti nyembamba. Umeme mwingi kama huo ukipitishwa katika kitufe cha usukani, kitufe kitaungua upesi. Kwa hiyo kitufe hupewa umeme kidogo tu, wa kumwamsha bawabu. Naye bawabu ndiye aufunguaye mlango mkubwa. Katika magari mengi ya Kijapani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika njia zetu, kitufe hakipeleki umeme wo wote: kazi yake ni kuugusisha waya wa rilei na chuma cha gari, ili umeme upate njia ya kurudi. Magari mengine madogo hayana rilei kabisa, na mwenye gari yafaa alijue la kwake.

Honi ikikataa, usishike spana kwanza. Sikiliza. Mweke mtu abonyeze kitufe, nawe simama penye boneti iliyofunguliwa, injini ikiwa imezimwa. Je, wasikia kitu kidogo kikisema "tik" ndani ya sanduku la fyuzi? Kama kinasema, basi bawabu ameamka, na kitufe na nyaya zake zote ni nzima. Usiuguse usukani, litafute kosa mbele. Kama hakuna sauti hata kidogo, litazame sanduku la fyuzi. Fyuzi ya honi huwa mara nyingi ya ampea 10 au 15, na mahali pake pameandikwa kwenye kifuniko. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kadiri ile ile. Ikikatika tena mara moja, usiweke ya tatu: waya mmoja umechubuka na wagusa chuma, na huo lazima utafutwe.

Hapa sina budi kusema neno juu ya tabia moja mbaya. Fyuzi ikikatika, wako watu wafungao mahali pake kipande cha waya wa shaba. Honi yalia, nao hufurahi. Lakini fyuzi ni mlinzi aliyewekwa afe kwanza ili nyaya zisiungue. Mlinzi akiondolewa, kitakachoungua ni waya uliofichwa chini ya dashibodi, na baada yake gari, pamoja na nyumba ambayo gari limelala ubavuni pake.

Fyuzi ikiwa nzima na bawabu hasemi, ing'oe rilei, uweke mahali pake rilei nyingine ya namna moja na namba moja kutoka katika sanduku lile lile. Mara nyingi ipo. Honi ikilia, rilei ilikuwa mbovu, na kazi imekwisha. Isipolia, kuna jaribio moja ambalo mimi nalipenda kuliko yote, kwa kuwa laikata njia yote katikati. Katika rilei nyingi miguu imeandikwa namba: 85 na 86 ni miguu ya sumaku ya bawabu, 30 ni mguu upokeao umeme wa betri, na 87 ni mguu upelekao umeme kwenye honi. Rilei ikiwa imeng'olewa, unganisha tundu la 30 na tundu la 87 kwa kipande cha waya, kwa muda wa kufumba na kufumbua tu. Honi ikilia, mambo yote ya mbele ni mazima, na ugonjwa uko upande wa kitufe. Isipolia, kiache kitufe, nenda mbele. Kwa jaribio hili moja umejiepusha na nusu ya kazi.

Twende basi mbele, maana ndiko kwenye makosa mengi. Honi imewekwa mahali pa taabu: mavumbi ya kiangazi, matope ya masika, na maji ya kuoshea gari vyote hupiga pale. Tengeneza taa ya kujaribia: balbu ya taa ya breki, ya volti 12 na wati 21, yenye nyaya mbili. Iguse kwanza kwenye betri yenyewe, uone inavyong'aa, ukumbuke. Kisha chomoa plagi ya honi, gusa waya mmoja wa taa kwenye ncha iletayo umeme na wa pili kwenye hasi ya betri, huku mwenzako akibonyeza kitufe. Isipowaka, waya umekatika katikati ya rilei na honi. Ikiwaka kwa kung'aa kama kwanza, umeme wafika, wala huna sababu ya kuufuata tena nyuma. Sasa uondoe waya wa pili kwenye betri, uuguse pale ambapo honi yenyewe imepata ethi yake, yaani kwenye bolti iishikayo, au kwenye waya wake wa pili kama unao. Ikiwa taa imefifia au imezimika, umelikamata kosa: njia ya kurudia imeziba.

Wengine watauliza, kwa nini nasema balbu, na siku hizi mita ya umeme yauzwa kila duka la vipuri? Mita ni chombo kizuri, lakini humdanganya mtu asiyeijua. Jirani yangu mwenye kirikuu alidanganywa nayo. Fundi mmoja alichomoa plagi ya honi, akaweka mita kati ya ncha mbili za plagi, akasoma volti 12 na nukta kadhaa, akasema, "Umeme upo, honi ndiyo mbovu." Honi mpya ikanunuliwa. Ililia kwa muda wa juma moja, kwa sababu katika kuifunga bolti ilifunguliwa ikakazwa, na kutu ikapasuka kidogo. Mvua zilipoendelea kunyesha ikanyamaza, na dereva akafika katika ile kona na honi mpya isiyo na sauti.

Mita ile haikusema uongo. Ilisema kweli juu ya jambo ambalo halikuulizwa. Wafikirini watu wa Mlandizi, waujuao mtambo wa maji wa Ruvu Juu. Bomba lililojaa mchanga nusu yake, likiwa limefungwa, nguvu ya maji ndani yake ni sawa toka mwanzo hata mwisho. Lifungue, nawe utaona maji yakidondoka tone tone. Mita hula umeme mdogo mno, ni kama bomba lililofungwa. Hata kutu nyingi haiizuii kusoma volti 12. Honi ndiyo ifunguayo bomba.

Tufanye hesabu. Tuseme honi ina ukinzani wa ohmu 2.4 hivi, kwa betri ya volti 12 itakula ampea 5, nayo italia vema. Sasa kutu kwenye bolti iongeze ohmu 2 tu. Jumla ni ohmu 4.4, na umeme upitao ni ampea 2.7. Katika zile volti 12, kutu yajichukulia volti 5 na nusu, na honi yabakiwa na volti 6 na nusu. Kwa nguvu hiyo kiwambo chaweza kukoroma tu, au kisitikisike kabisa. Hesabu hii si kamili, maana platini za honi hufunga na kufungua daima, lakini yatosha kuonyesha jinsi kutu isiyozidi unene wa karatasi inavyoweza kuinyamazisha honi nzima.

Kwa hiyo atumiaye mita na aitumie hivi: plagi ibaki imechomekwa, mwenzake abonyeze honi, naye aguse ncha moja ya mita kwenye chuma cha honi na ya pili kwenye hasi ya betri. Ikisoma chini ya nusu volti, ethi ni njema. Ikisoma volti 2, 3 au 5, hizo ndizo volti ziliwazo na kutu. Tulipofanya hivyo kwenye kirikuu, mita ilisoma zaidi ya volti 5. Tulifungua bolti, tukakuta chini yake kutu nyekundu na rangi iliyopakwa gari lilipotengenezwa bodi. Tukasugua kwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana, tukaweka washa yenye meno, tukakaza, tukapaka grisi juu ili maji yasiingie. Tangu siku ile honi yalia. Honi ya zamani, ile iliyosemwa kwamba imekufa, tuliiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Nayo ikalia, kuku wote wakakimbia.

Ama ikiwa umeme wafika na ethi ni njema, hapo sasa ndipo honi yenyewe ishukiwe. Kwanza mimina maji na matope yaliyo kinywani mwake. Kisha igonge polepole kwa kipini cha bisibisi huku mwenzako akibonyeza. Platini zilizoshika kutu kwa kutotumiwa huweza kuachana. Honi nyingine zina skrubu ndogo nyuma. Izungushe robo ya mzunguko tu, usikilize, nawe uweke alama ya pale ilipokuwa kabla hujaizungusha. Ikikataa yote hayo, nunua nyingine kwa moyo mweupe. Ifungapo, kinywa chake kielekee mbele na chini kidogo, kisije kikawa kikombe cha kukingia mvua.

Honi iliayo kwa sauti dhaifu hutafutwa kwa njia hizo hizo, lakini kwanza itazame betri. Gari lililolala usiku kucha, betri yake ikiwa imejaa, husoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma hufika 14 au karibu yake. Honi iliayo vizuri injini ikiwaka na kukoroma ikizimwa yakwambia habari za betri, si habari zake yenyewe. Malori makubwa yana betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa 24, wala honi ya gari dogo haifai kufungwa huko. Itaungua mara moja.

Liko kosa la kinyume, nalo ni la aibu zaidi: honi kulia isinyamaze, na mara nyingi usiku. Usikate nyaya. Ing'oe rilei. Ikinyamaza, ama platini za rilei zimeshikana, ama waya wa kitufe umechubuka ukagusa chuma. Weka rilei nyingine, utajua ni lipi katika hayo mawili. Isiponyamaza, ng'oa fyuzi, ulale, ulitafute kosa asubuhi.

Limebaki jambo la usukani, na hapa ni lazima niwe mkali. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani, ambao gari ligonganapo hufumuka ghafula kwa nguvu ya baruti ili kumkinga dereva kifua na kichwa. Chini yake mna utepe mwembamba wa nyaya uliozongwa kama mkeka uliokunjwa, ukaao pamoja na usukani kila uzungukapo. Utepe huo ukikatika, honi hunyamaza, na mara nyingi taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi wakati ule ule. Ukiona mambo hayo mawili pamoja, usifungue usukani wala usiguse nyaya zake kwa taa ya kujaribia. Mfuko waweza kufumuka usoni pako. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, naye hutoa kwanza waya wa hasi wa betri na kungoja dakika kadhaa kabla hajaanza.

Vijana wa bodaboda nao wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. Honi ya pikipiki ni ya namna ile ile, na nyingi hazina rilei, bali kitufe cha mkono wa kushoto huukata na kuuunganisha umeme wote chenyewe. Kwa hiyo kitufe hicho huliwa upesi na jasho na mavumbi. Kifungue kwa bisibisi ndogo, usugue vigusio vyake kwa msasa laini, kisha uitazame ethi ya honi chini ya taa ya mbele, ambako matope ya gurudumu hurukia kila siku ya mvua.